Jina Lisilosomwa Katika Orodha

Kila shabiki wa kandanda ni mwalimu wa timu asiyelipwa mshahara. Huketi kibarazani na kikombe cha chai, akapanga wachezaji wake kumi na mmoja, akamtoa huyu, akamwingiza yule, kisha akalala usingizi mzuri bila ya kuwafikiria wale aliowatoa. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nilizaliwa Muyinga, nikalitumikia jeshi, na nilipostaafu nikahamia Gitega, kwao mke wangu, ambako tunaishi hadi leo. Kwa hiyo nyumba yetu ina bendera mbili. Kila Flambeau du Centre ya Gitega ilipokutana na Olympique Star ya Muyinga, mimi na mama watoto tulikaa mbalimbali, na ambaye timu yake ilifungwa ndiye aliyeosha vyombo jioni. Mwaka 2022, Flambeau du Centre ilipotwaa ubingwa wa nchi, nilivumilia majigambo ya mke wangu kwa mwezi mzima.

Lakini inapocheza timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu walio vitani, bendera zote mbili hukunjwa. Hapo tunakuwa kitu kimoja, ingawa hatuwi na shauri moja. Tunashindana juu ya jambo lile lile wanaloshindania mashabiki wote wa nchi hii, sokoni, kambini na katika vibanda vya mishikaki: nani aitwe katika timu, na nani aachwe?

Ndugu msomaji, nataka kukueleza nilivyokuwa nikiamini zamani, na jambo lililonifanya nifikiri upya.

Tarehe 23 Machi 2019 sitaisahau. Siku hiyo mjini Bujumbura, katika uwanja ambao sasa unaitwa Intwari, timu yetu ilihitaji sare tu dhidi ya Gabon ili ipate, kwa mara ya kwanza, kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Sisi wazee tulikuwa na jeraha la zamani. Mwaka 1993 tulikuwa tumefika mlangoni kabisa mwa fainali hizo, tukatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Basi mimi na jirani zangu tuliizunguka redio kama watu wanaoota moto. Cédric Amissi alipofunga bao katika kipindi cha pili, kelele zilisikika mtaa mzima. Baadaye mlinzi wetu Omar Ngando, kwa bahati mbaya, aliutia mpira katika lango letu wenyewe, ikawa 1–1. Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko zamu ya mwisho ya usiku lindoni. Kipenga kilipolia, mke wangu alilia machozi, na mimi nilijifanya natafuta betri za redio.

Tulifuzu kwa heshima. Katika michezo 6 ya mchujo hatukufungwa hata mmoja: tulishinda 2, tukatoka sare 4, tukapata mabao 11. Katika mabao hayo, 6 yalifungwa na mtu mmoja, Fiston Abdul Razak. Nani asingeota ndoto?

Mwezi Juni timu ikaenda Misri. Tarehe 22, mjini Alexandria, tuliizuia Nigeria mpaka dakika ya 77, ambapo Ola Aina alitoa pasi ya kisigino na Odion Ighalo akafunga. Siku tano baadaye tukakutana na Madagaska, nayo ikiwa mgeni katika fainali hizo kama sisi. Ilitufunga 1–0 kwa mpira wa adhabu uliopigwa na Marco Ilaimaharitra. Tarehe 30 tulicheza na Guinea. Christophe Nduwarugira alitolewa kwa kadi nyekundu mchezo ukiwa bado mchanga, na Mohamed Yattara akatufunga mabao mawili. Michezo 3, tumefungwa yote 3, wala hatukupata bao hata moja.

Hapo ndipo mashauri yalipochacha. Watu wa Gitega waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema: “Tuwaite zaidi vijana wetu walioko Ulaya, kwani wao wamefunzwa kandanda ya kisasa.” Hawa walimtaja nahodha wetu wa wakati ule, Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura aliyeikimbia vita akiwa mtoto, akalelewa Uingereza, na mwaka 2013 akaifungia West Bromwich Albion bao la ushindi katika uwanja wa Manchester United. Aliichezea Burundi kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2018 huko Libreville, na siku ile ile akafunga bao. Kundi la pili likajibu: “Sawa, lakini Misri alifunga mangapi? Turudi kwa vijana wa ligi yetu.” Nao walikumbusha mwaka 2014, tulipocheza Afrika Kusini katika mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Huko tulitoka sare na Gabon 0–0, tukaifunga Mauritania 3–2, na tukafungwa na Kongo 2–1.

Kwa hakika kila kundi lilikuwa na nusu ya ukweli. Mashindano ya mwaka 2014 hayakuwa na wachezaji wakubwa wa Afrika walioko Ulaya; huwezi kuyapima kwa kibaba kimoja na yale ya Misri. Na hao Madagaska waliotufunga wakaendelea mpaka robo fainali walikuwa na vijana wengi waliolelewa Ufaransa. Huyo Ilaimaharitra mwenyewe alizaliwa huko. Mbayuwayu ni ndege wa safari. Hatuwezi kujiita kwa jina lake kisha tukawafungia mlango wenzetu waliosafiri.

Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza, na sauti yangu ilikuwa kubwa. Nilisema timu haina wakati wa kulea watoto. Atafutwe mtu aliyekwisha kuiva, popote alipo, awekwe mahali pake, na aliyekuwapo apishe. Niliyasema hayo kwa moyo mweupe. Sikujua kwamba neno “apishe” lina jina la mtu ndani yake.

Mwanangu wa pili alikuwa mlinda mlango. Tangu utoto alidaka mpira wa majani makavu ya migomba, akijirusha juu ya mchanga wa ua mpaka mama yake akachoka kumshonea suruali. Mwaka 2021, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa ndiye mlinda mlango wa kwanza wa timu moja ndogo ya hapa, ambayo sitaitaja jina. Timu hiyo ilikuwa ikiyumba. Jioni moja viongozi wake walikuja nyumbani kwangu, kwa vile waliniheshimu kwa umri wangu na utumishi wangu, wakaniomba shauri. Nikawaambia yale yale niliyokuwa nikiyasema juu ya timu ya taifa. “Njaa ikiwa mlangoni,” nilisema, “hupandi mbegu ukangoja iote. Tafuteni watu waliokomaa. Anzieni katikati: mlinda mlango, mlinzi wa kati, mshambuliaji.” Mke wangu alikuwa akituletea chai. Alisimama kidogo, akanitazama, akaweka sinia, akaenda zake. Sikuyaelewa macho yale.

Wiki mbili baadaye timu ilialikwa Muyinga kwa mchezo wa kirafiki. Mimi nilitangulia kwa siku moja ili nimjulie hali mama yangu. Mama alikuwa hajapata kuingia katika uwanja wa mpira maisha yake yote. Lakini aliposikia kwamba mjukuu wake atasimama langoni mbele ya watu wa Muyinga, alifungua sanduku, akatoa imvutano yake ya sikukuu, akawaalika na jirani zake watatu. Tuliwahi uwanjani saa nzima kabla ya mchezo, tukakaa kivulini.

Timu ilifika kwa basi dogo kwa njia ya Karuzi. Wachezaji walipoingia, langoni alikwenda kijana mmoja mrefu nisiyemjua. Nilimtafuta mwanangu katika benchi la akiba, nisimwone. Kisha nikamwona kando ya mstari, ameshika ndoo ya maji. Jina lake halikusomwa. Wala hakuna aliyekuwa amemwambia neno, si Gitega, si njiani. Alipofika chumba cha kuvalia ndipo alipoiona jezi yake ya siku zote mwilini mwa mtu mwingine.

Yule mgeni alidaka vizuri. Haki ya mtu haifichwi, nami nakiri kwamba alipangua mikwaju miwili ambayo mwanangu asingeiweza. Mchezo ukaisha kwa sare. Mama yangu hakuzijua sheria za kandanda. Kila mchezaji alipoanguka, wa Gitega au wa Muyinga, alimwona mjukuu wake akikimbia na maji, akiinama, akimwosha mtu uso, akimshika mkono asimame. Basi mama akapiga vigelegele. Akawaambia jirani zake: “Mnamwona? Huyu ndiye anayewainua wote.” Hakuna aliyemsahihisha. Mimi nilikuwa nikitazama chini.

Usiku ule mwanangu alilala pale kwa bibi yake. Tulipokuwa tumebaki wawili nje, aliniuliza: “Baba, walipokuja nyumbani, uliwaambia nini?” Nikamweleza, sikumficha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: “Uliwaambia kweli, Baba. Timu ilihitaji mtu kama yule. Lakini mimi ungeniambia.”

Nimekuwa askari, nimesikia maneno makali ya wakubwa mengi kuliko nywele zangu. Hakuna lililonichoma kama hilo lililosemwa kwa upole.

Nililala nikiikumbuka siku moja ya utumishi wangu. Nchi yetu ilipoanza kupeleka askari Somalia, mwaka 2007, kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika, orodha za watakaokwenda zilikuwa jambo zito kambini. Kulikuwa na orodha moja ambayo nilikuwa na hakika kwamba nimo. Kabla haijasomwa mbele ya kikosi, mkuu wangu aliniita peke yangu. “Sajini,” akasema, “humo hutasikia jina lako. Goti lako halijapona, na mtu anayechechemea huwahatarisha wenzake. Utabaki hapa kuwafundisha watakaofuata.” Nilitoka ofisini kwake na uchungu mwingi, lakini nilitoka nikiwa bado askari mwenye kazi yake. Orodha iliposomwa kesho yake nilisimama wima kama wenzangu. Mkuu yule alitumia dakika tano tu kuniambia. Nasi kwa kijana wangu hatukuwa na dakika tano.

Tangu siku ile nazipima habari za timu ya taifa kwa kipimo kingine. Sikuacha kuamini kwamba anayestahili zaidi ndiye acheze. Timu inayompanga mtu kwa kumwonea huruma haimtendei wema mtu huyo wala taifa. Lakini nimejua kwamba kuchagua wachezaji ni kazi yenye mikono miwili: mmoja unaingiza na mwingine unatoa. Sisi mashabiki, na pengine baadhi ya viongozi wa timu, huutazama mkono mmoja tu.

Baada ya Misri hatujafuzu tena: si fainali za 2021, si za 2023, wala zile zilizoanza Morocco mwishoni mwa 2025. Mwezi Septemba 2023 fainali za 2027 zilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mtu wa Muyinga akisikia hayo, macho yake huelekea Kobero, mpakani, ambako malori hupita kila siku kwenda na kutoka Tanzania. Mashindano hayajapata kutusogelea hivyo. Lakini ziwe fainali hizo au zitakazofuata, swali la orodha litakuwa ni lile lile, na mimi shabiki wa Gitega ninayo mashauri matatu.

La kwanza: mtu aitwe kwa kazi anayoifanya msimu huu, wala si kwa sifa za jana. Kijana anayecheza kila wiki katika uwanja wa Ingoma apimwe kwa mizani ile ile anayopimwa kijana wa Ulaya. Wa Ulaya akiwa bora, aje, tutamshangilia. Akiwa anakaa benchi huko mwezi baada ya mwezi, jina la timu yake lisitutie kiwi cha macho.

La pili: wakipatikana wanaofaa, wakae pamoja kwa muda mrefu. Hapa karibu na Gitega, katika kilima cha Gishora, ziko ngoma ambazo dunia nzima inazijua; mchezo wa ngoma zetu uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Huzidi kumi, na idadi yake ni witiri daima. Hupangwa nusu duara kuizunguka ile ya katikati, Inkiranya. Ngoma ziitwazo Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na Ibishikizo huifuata Inkiranya. Wapigaji hutoka kwa zamu wakacheza katikati, kisha kila mmoja akarudi mahali pake, na mdundo usipotee. Ustadi huo haupatikani kwa watu waliokutana juzi kwenye uwanja wa ndege. Timu ya 2019 haikushindwa katika mchujo kwa sababu Fiston alipofunga, nyuma yake walikuwapo watu walioshika mdundo.

La tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike: anayeachwa aambiwe, aambiwe mapema, aambiwe sababu, na aambiwe la kufanya ili arudi. Orodha ya fainali za 2019 ilikuwa na wachezaji 23. Katika kila orodha ya namna hiyo wamo walinda mlango watatu, na yule wa tatu aghalabu hurudi nyumbani bila ya kugusa mpira katika mchezo hata mmoja. Huamka mapema kama wenzake, hupigiwa mikwaju mazoezini mpaka vidole vikavimba, ili yule wa kwanza awe tayari. Mtu wa namna hiyo akithaminiwa, timu nzima hupata moyo. Akidharauliwa, hata wanaocheza huanza kujiuliza zamu yao itafika lini.

Nilipokuwa nikiyaandika haya, binti yangu alisoma juu ya bega langu akacheka. “Baba, umewasahau dada zetu.” Ni kweli. Mwaka 2022 timu yetu ya wanawake ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, huko Morocco. Nao walifungwa michezo yote mitatu, lakini waliifunga Botswana mabao 2 na Afrika Kusini bao 1. “Matatu,” alisema binti yangu, “na kaka zetu sifuri.” Nimeyaandika kama alivyosema, kwa kuwa na yeye alistahili kutajwa, nami nimeapa kutomwacha mtu nje ya orodha bila ya sababu.

Na mwanangu je? Alikaa miezi miwili bila ya kugusa mpira. Sikumsukuma. Siku moja nilimkuta uani na watoto wa mtaa, amewapanga mstari, anawaonyesha jinsi ya kuanguka bila ya kuumia kiwiko. Baadaye alirudi katika timu yake akiwa mlinda mlango wa pili, na yule kijana mrefu wakawa marafiki. Mara nyingi hula hapa kwetu, na mke wangu humtilia ndagala nyingi kuliko sisi wenye nyumba. Mwaka uliofuata mgeni yule aliumia mkono, na mwanangu akasimama langoni michezo mitano. Alifungwa, alidaka, kama walinda mlango wote. Siku mwenzake alipopona, mwalimu aliwaita wote wawili, akawaeleza nani ataanza na kwa nini. Mwanangu alirudi benchi akiwa anaimba.

Siku hizi viongozi wa timu bado hupita kwangu jioni kuniomba shauri. Chai huletwa, na mama watoto haondoki tena. Huvuta kigoda akakaa. Nikianza kusema, “Mleteni fulani,” yeye hunikatiza: “Na nani atatoka? Na nani atakwenda kumwambia?” Swali hilo likikosa jibu, shauri langu halina thamani, nami hunyamaza nikanywa chai yangu.